Vikombe Kumi na Saba kwa Ajili ya Ukurasa wa Achari

Muntasir Khalaf,
Mtaa wa Kinu cha Zamani,
Irbid.
Jumatatu, wiki ya pili ya mavuno ya zeituni.

Kwa Ami yangu Abu Dirgham,
Mwenyekiti wa Baraza la Ukoo,
na Msemaji Mkuu wa Jaha zote zinazotoka humo.

YAH: OMBI LA KUONDOA MAMBO YA TOVUTI KATIKA JAHA

Ami yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Mke wangu Hanadi yuko kwa baba yake, Ajloun, tangu Ijumaa iliyopita, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia badala ya kuja mwenyewe. Nikija utanikaribisha kahawa, na kwa sasa siwezi kuiona kahawa bila moyo kunienda mbio.

Nakuandikia kama mwana wa ndugu yako marehemu, kama karani wa idara ya maji, na kama mtengeneza tovuti wa muda. Naomba maneno hayo "wa muda" uyasome mara mbili, maana shida yote imo humo. Asubuhi nasoma dira za maji za watu. Kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa moja jioni, Jumapili mpaka Jumatano, natengeneza tovuti. Hayo ni masaa kumi na mawili kwa wiki. Hanadi ndiye aliyeyajumlisha, akachora ratiba kwa rula, akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la komamanga. Ratiba ilikuwa na visanduku vitatu, kila kisanduku mteja mmoja. Akaniambia, "Vikijaa, sema vimejaa. Neno lenyewe fupi."

Neno lenyewe si fupi, Ami. Tangu Ramadhani neno hilo limeniletea sebuleni watu zaidi ya mia moja na arobaini, wote wamevaa majoho.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, Baraza lako lipitishe azimio kwamba jaha haitatumika tena kwa jambo lolote linalohusu tovuti, liwe kubwa kama duka zima au dogo kama herufi moja. Jaha, huo msafara wa wazee waombaji, unajua kuliko mimi, wazee wetu waliiweka kwa mambo mawili: kuomba binti wa watu, na kuomba damu isamehewe. Wazee wanakwenda, wanakaa, wanapewa kahawa, wanaiweka chini, na hawainywi mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mmepata." Kahawa ikipoa mbele ya wageni kwa ubishi wa mwenye nyumba, aibu yake wanairithi wajukuu. Hiyo ni silaha nzito, na haikutengenezwa kwa ajili ya matango ya siki.

Naomba pia ieleweke tangu mwanzo kwamba siombi jaha ya kumrudisha Hanadi. Mimi ni mtu wa kanuni. Siwezi kulilaani jembe asubuhi na mchana nikaliazima. Hanadi atarudi kwa njia za kisasa, yaani kwa mpangilio mzuri wa kazi, na ndiyo maana nahitaji azimio lenu haraka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Achari. Sabri muuza achari alinipigia simu akitaka tovuti. Nikamwambia nimejaa mpaka baada ya mavuno ya zeituni. Nilimwambia kwa upole, nikamwombea na baraka katika biashara yake. Siku ya nne magari sita yakasimama mlangoni pangu, na wewe ukashuka katika la kwanza umevaa lile joho la shughuli. Mama yangu alichungulia dirishani, akaona wazee kumi na saba walionyoa vizuri, akafikiri mnakuja kumchumbia dada yangu Ruba. Akapiga vigelegele. Vigelegele, Ami, havirudishwi kooni. Ruba akavaa gauni lake la bluu akaketi jikoni akisubiri kuitwa.

Mkaletewa kahawa. Mkaviweka vikombe chini, vyote kumi na saba, kwa mlio mmoja, utadhani mlifanya mazoezi njiani. Ukasema, "Kahawa yako hatuinywi, mwanangu Muntasir, mpaka utupe tulichojia." Nikauliza mmejia nini, kwa sauti ya kaka anayejiandaa kulia. Ukazungumza nusu saa nzima: kisima ambacho babu zetu walichota pamoja na babu za Sabri, mwaka ule wa theluji kubwa, uaminifu wa Sabri katika kupima chumvi. Mwishowe ukasema mnaomba ukurasa wa achari, wenye picha, na uwe unafunguka vizuri kwenye simu. Kutoka jikoni nikasikia kiti cha Ruba kikisogezwa. Mvuke ulikuwa umekwisha juu ya vikombe. Nikasema kunyweni, mmepata. Mkasoma Fatiha, mkanywa, mkaondoka mnacheka. Hanadi akachora kisanduku cha nne kwa penseli.

2. Dada yangu. Habari zikaenea kwamba Muntasir hapatikani kwa simu, anapatikana kwa wazee. Tangu siku ile zimekuja jaha tisa. Majirani wameziona zote zikiingia na nyuso nzito na zikitoka na furaha, na Fatiha wameisikia kupitia ukutani. Kwa hesabu ya mtaa, Ruba amechumbiwa na wanaume tisa na sisi tumewakubali wote. Sheikh wa msikiti amemwita mama pembeni kumkumbusha sheria inasemaje. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mwema ambaye kweli alikuwa na nia, ametuma salamu kwamba kuwa wa kumi hawezi. Siku hizi magari yakisimama nje, Ruba hainui hata kichwa kutoka kwenye mbaazi anazomenya. Ananiambia tu, "Kawaulize wanataka kurasa ngapi."

3. Marekebisho. Nilidhani mtu akishapata, amepata. Sabri alitaka rangi ya kijani ibadilishwe. Mteja wa mji mwingine angetuma ujumbe wa simu. Sabri alituma wazee watatu, mmoja wao akiwa na tango mfukoni ili nikione kijani chenyewe. Vikombe vitatu chini. Nikabadilisha. Wiki iliyofuata picha ya mtungi wa malimau ilitakiwa ihame kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa uzito wa jambo hilo akaja kadhi mstaafu pamoja na watu wanne. Kadhi alihutubia juu ya fadhila za upande wa kulia, akasahau kwamba ametumwa kuomba wa kushoto. Wenzake wakamkatiza, wakabishana wao kwa wao masaa mawili sebuleni kwangu, kahawa inapoa, na aibu inaandikwa kwa jina langu ambaye sijafungua mdomo. Picha sasa iko katikati, na hakuna hata mmoja anayeipenda.

4. Jaha kugongana. Umm Laith, mwenye ukumbi wa harusi, alikuwa katika kisanduku cha pili tangu mwanzo. Alikuwa mteja wa haki, aliyepiga simu kama watu. Aliposikia achari inatangulia harusi, akatuma kaka zake na wajomba kuja kuomba arudishwe mbele. Sabri akapata habari, naye akatuma watu kuomba asirudishwe nyuma. Wakakutana mlangoni Jumanne saa kumi na robo, robo saa tu baada ya mimi kuwasha kompyuta. Vikombe ishirini na nane vikawa chini kwa wakati mmoja, nusu wakiomba nifanye na nusu wakiomba nisifanye. Nikiwaambia hawa wanywe, wale wamedhalilika. Nikiwaambia wale, hawa hawatanisalimia mpaka kiama. Nilisimama katikati ya zulia na birika mkononi, na katika mila zetu zote zenye jibu la kila kitu sikukumbuka jibu la hapo.

Kisha mjomba mmoja akanyoosha mguu, kikombe kikamwagikia joho la mtu wa upande wa pili, na watu wakasimama. Ikabidi iletwe jaha ya tatu kuzisuluhisha hizi mbili. Wakakubaliana iwekwe atwa, ile amani ya siku tatu na thuluthi inayowekwa mtu anapouawa, ili hasira zipoe. Kwa joho, Ami. Mwenyewe uliiandika karatasi na kuigonga muhuri.

Katika siku hizo tatu na thuluthi hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mlangoni pangu. Nilifanya kazi. Niliumaliza ukurasa wa ukumbi, nikala chakula cha mchana kikiwa cha moto, nikazungumza na mke wangu mpaka maneno yakatuishia tukaanza upya. Hanadi alifuta kisanduku kimoja kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akacheka. Sitakuficha: atwa ilipokwisha nilikaa nikiwaza nani mwingine ningeweza kumgombanisha na nani.

5. Ijumaa. Hili naliandika polepole. Tangu Ramadhani nilimwahidi Hanadi siku moja, moja tu, ya kwenda Umm Qais, tukae juu ya yale mawe ya kale, tutazame ziwa, tule wawili. Ikaahirishwa kwa ajili ya achari. Ikaahirishwa kwa ajili ya ukumbi. Ikaahirishwa kwa ajili ya mtu wa betri za magari, ambaye jaha yake ilikuja na betri. Ijumaa iliyopita ratiba ilikuwa tupu. Tangu alfajiri Hanadi alikuwa anakunja majani ya mzabibu, kila jani na wali wake na nyama yake, akayapanga kwenye sufuria, akaifunga sufuria kwa taulo ili ifike na moto wake. Chai ilikuwa kwenye chupa. Tulikuwa tumeshakaa garini, injini inanguruma, na yeye amefunga mkanda, ndipo magari yako saba yakaziba njia.

Mlikuja kwa ajili ya mfuga kuku wa Husn, ambaye alitaka kitufe cha mawasiliano kikibonyezwa kiwike kama jogoo. Nilishuka. Nilimwambia Hanadi dakika tano. Ulisema katika hotuba yako kwamba jogoo ndiye aliyeadhini kabla ya waadhini, na wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali, na kwa kweli ilikuwa hotuba nzuri. Nikasema kunyweni, mmepata. Kisha nikaona wageni ishirini na wawili wamekaa kwangu saa nne asubuhi na sina cha kuwapa. Nikaenda garini nikaichukua ile sufuria kutoka magotini kwa Hanadi. Ilikwisha kwa dakika nane, na mliisifu chumvi yake.

Hanadi hakulia wala hakupaza sauti. Alisubiri mpaka gari la mwisho likaondoka, akaiosha sufuria, akaikausha. Ndipo akaniambia, "Mimi, Muntasir, nilitolewa kwa baba yangu mara moja, kwa watu arobaini na kahawa iliyobadilishwa mara tatu. Wewe unatolewa humu ndani kila wiki, kwa achari. Mji mzima una wazee wa kuwatuma kwako. Mimi nina friji na sumaku." Akaibandua ratiba, akaikunja akaitia mkobani. Kaka yake akaja kumchukua kabla ya swala ya Ijumaa. Sumaku imebaki pale pale, imeshika mlango mtupu.

6. Hili si lalamiko juu yako, ni juu yangu mwenyewe, ila sina pengine pa kuliweka. Jana, nilipotoka kazini, nilikwenda Ajloun peke yangu, bila mzee hata mmoja, kwa sababu ya ile kanuni niliyoitaja. Nilibeba ratiba mpya niliyoichora kwa kompyuta, yenye rangi nne. Ijumaa zote nimezipaka rangi ya waridi, na chini yake nimeandika kwamba haziguswi na yeyote. Baba mkwe wangu, Abu Mithqal, ana kinu cha kukamua mafuta ya zeituni, na wiki hii hana hata nafasi ya kukuna kichwa, lakini alinawa mikono akaketi nami. Kahawa ikaja.

Ami, mimi kwa miezi mingi nimekuwa mtu wa kumimina. Sikumbuki mara ya mwisho nilipowekewa kikombe mbele yangu mimi. Njia ya milimani ilikuwa na vumbi la matrekta, na koo lilikuwa kavu. Nikainywa. Nikainywa yote kabla sijatamka neno, kisha nikakitikisa kikombe, kama mtu mwenye adabu, kuonyesha kwamba imetosha.

Abu Mithqal alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Nadhani alinihurumia. Akasema, "Basi umekunywa, mwanangu. Karibu, nyumba ni yako. Haya, zeituni za huko kwenu zikoje mwaka huu?" Nilipojaribu kulitaja jina la Hanadi akainua kiganja taratibu. Mtu aliyekwisha kunywa hana ombi tena, ana salamu tu. Tukazungumza habari za zeituni masaa mawili. Chini ya pazia la jikoni palikuwa na viatu vya njano, na viatu hivyo navijua, nilivinunua mimi. Nilipokitikisa kile kikombe, viligeuka vikaondoka. Ratiba yangu ya rangi nne nimerudi nayo chini ya kwapa.

Utauliza, kama alivyouliza Hanadi mara nyingi, kwa nini nisiseme tu hapana. Nitakujibu kwa kuwa umenilea. Miaka minne iliyopita ulikaa nyumbani kwa huyo huyo Abu Mithqal saa moja na nusu, goti linakuuma, kikombe hujakigusa, mpaka akanipa binti yake ilhali sikuwa na kitu ila kofia ya idara ya maji. Kahawa ilipoa ikabadilishwa, ikapoa ikabadilishwa, ikapoa ikabadilishwa tena, na wewe hukuinuka. Kila ninapouona mkono wako unaweka kikombe chini naiona siku ile, na mdomo wangu unasema mmepata kabla akili haijaulizwa. Nakulaumu na nakupenda kwa jambo moja, na sijui lalamiko la namna hiyo hupelekwa ofisi gani. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nimeshika tisa, na iliyoniponyoka ndiyo pekee niliyoichagua mwenyewe.

Basi, kama Baraza litaona marufuku kamili ni nzito, naomba angalau haya yaandikwe. Jaha ya rangi isizidi watu wawili, na tango lipigwe picha litumwe. Kadhi mstaafu aje kwa maduka kamili tu, asije kwa picha mojamoja. Magari yanayokuja kwa ajili ya tovuti yawe na kitambaa cheupe kwenye kioo, ili mama ajue mapema azuie pumzi. Jaha ikija kuomba nifanye, isiingie kabla ya kuulizwa kama iko nyingine inayokuja kuomba nisifanye. Nami nisipoona azimio kufikia mwisho wa mwezi, nitaanza kuwakaribisha wageni kwa chai. Chai haina sheria. Mtu akiiacha ikapoa, ni shauri lake.

Na kama mtaikataa chai, nalo nimeliwazia. Nimekwisha kununua vikombe arobaini vyenye mfuniko, vya chuma, vinavyotunza joto masaa sita. Kahawa haitapoa, na kahawa isiyopoa haileti aibu. Mtaketi na vikombe chini tangu alasiri mpaka isha, nami nitakuwa chumba cha pili nafanya kazi yangu kwa raha, na kila baada ya saa nitakuja kufunua mfuniko mmoja kuwaonyesha mvuke. Nimeisoma mila yetu yote, Ami, na sikuona mahali panapokataza mfuniko. Mtu akibanwa na ukoo wake huwa mwanasheria.

Sisemi haya kwa ufidhuli. Nasema kwa kuwa kuna nyumba moja mtaani kwetu ambayo mwenyewe anarudi kazini, anafungua friji, anaifunga, na hajui alichokuwa anatafuta.

Nakuomba ulisome ombi hili mbele ya Baraza, uwe mkali nalo kama ni lazima, ila usilitupe. Msalimie sana Umm Dirgham, na umwambie ile dawa yake ya kitunguu saumu imenisaidia. Wasalimie wanao wote na wake zao. Msalimie kadhi mstaafu na wale wanne aliokuja nao, kama wameshapatana. Wasalimie wazee wote kumi na saba wa safari ya kwanza, mmoja mmoja kwa jina lake. Sabri ukimwona, mwambie kijani kimekubali. Ruba anakusalimu, na anauliza kama katika ukoo mzima hakuna mtu anayehitaji kitu kisicho na kurasa. Mama anakubusu kichwani.

Ni mimi mwana wa ndugu yako, mwenye kukuheshimu na asiye na kisanduku hata kimoja kitupu,

Muntasir Khalaf

Nyongeza baada ya sahihi, Jumanne: twende Alhamisi hii, baada ya swala ya alasiri, Ajloun, kwa Abu Mithqal. Naomba uniongozee jaha, Ami, na watu wasipungue arobaini. Hanadi alisema hana wazee wa kuwatuma, basi na aletewe wote. Mje na kadhi, ila mwandikieni kwenye karatasi tunaomba nini. Sabri ametoa magari sita, kaka zake Umm Laith wanakuja na mengine, na mfuga kuku nilimsihi abaki nyumbani lakini amekataa. Nimeweka ukurasa wa kujiandikisha majina na mpaka sasa wamefika thelathini na wanane. Vile vikombe vya mfuniko nimevirudisha dukani. Kahawa ikiletwa iwekeni chini, na hakikisheni inapoa kabisa. Mimi nikalisheni katikati ya watu wawili wenye nguvu wanishike mikono. Mama asithubutu kupiga vigelegele mpaka aone viatu vya njano vinatoka mlangoni.

Nimesikia Abu Mithqal ana sharti lake. Anataka tovuti ya kinu, kurasa kumi, na mtu akiifungua zeituni zianguke kutoka juu kama mvua. Mpeni, asilazimike hata kurudia. Na akitaka niianze kesho yake, Ijumaa, mwambieni Ijumaa nafasi ipo.